Aliyemsemea Mama Ngome

Jumamosi, 3 Machi

Mvua imeanza, na imeanza kwa fujo. Tulikuwa darasani kwa Kipara, mchezo umekolea, paa likaanza kuvuja juu ya meza. Tukasukuma madawati na kumalizia tukiwa tumebanana ukutani kama watoto waliochelewa shule. Sikujali. Leo palikuwa na moto.

Kipara ni mwalimu wa jiografia na ndiye anayetuendeshea mchezo. Anatusimulia dunia yote: milima, wafalme, barabara, hata hali ya hewa. Sisi wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, anamsemea, anamwamulia. Ukitaka kufanya jambo gumu unarusha dadu yenye pande ishirini, na dadu ikikukatalia, imekukatalia, hakuna kulia. Fundi, anayetengeneza mafriji, anacheza mhunzi. Nesi wa wodi ya watoto, binti mpole kupita kiasi, anacheza mwizi. Mimi ni mchora ramani. Na dada yangu, tumbo moja baba mmoja, ni Mama Ngome, mkuu wa ngome inayolinda njia ya milimani.

Jumapili naandika yaliyotokea mezani kama hadithi na kuyapakia mtandaoni. Wasomaji wetu ni binamu zake Nesi na mtu mmoja anayejiita Popo, ambaye chini ya kila sehemu huacha neno moja tu: "Endelea."

Leo mjumbe wa mfalme alikuja kudai ngome ifungue lango. Dada akasimama. Dada yangu, ambaye kwenye harusi hukaa karibu na jiko ili asiombwe kusema lolote.

"Mwambie aliyekutuma," akasema, na sauti hiyo sijui alikuwa ameificha wapi, "lango hili lina bawaba, halina bei. Akitaka kupita aje mwenyewe, aje kwa miguu, na aombe."

Fundi alipiga meza kwa furaha mpaka dadu zikaanguka kwenye dimbwi.

Kisha shemeji akaja na gari kumchukua. Kipara akamwambia, "Bwana, leo mkeo ametutisha!" Shemeji akacheka, akamshika Dada bega. "Huyu? Huyu mpole kabisa. Ila amefurahi, na anawashukuru sana." Dada alikuwa amefungua mdomo kujibu. Akaufunga, akaingia garini.

Nimerudi nyumbani na hasira ambayo sijui niiweke wapi.

Jumatatu, 5 Machi

Mvua. Kwenye duka la miwani ninakofanya kazi, mteja ameleta yake aliyoikalia, anasema ilikatika yenyewe.

Jumatano, 7 Machi

Yamelipuka! Popo, kumbe ni mtu mwenye watu wake, ameisambaza sehemu ya Jumapili. Nilifungua simu wakati wa chakula cha mchana nikadhani imeharibika. Maoni yanamiminika kama maji ya mfereji. "Mama Ngome ni nani jamani?" "Nimesoma hilo la bawaba nikasimama peke yangu jikoni." "Tunataka zaidi."

Nikampigia Dada hapohapo. Akapokea shemeji.

"Shemeji yangu! Mwenzio yuko hapa, anasikia."

"Mpe simu basi, nimwambie mwenyewe."

"Niambie tu, namfikishia."

Nikamwambia. Nilisikia akitoa simu mdomoni, kisha kicheko. "Anasema amefurahi sana."

Hakuna aliyesema amefurahi sana. Niliusikia ule ukimya vizuri, nina masikio.

Jumamosi, 10 Machi

Kipande kizima cha dari ya darasa kimeshuka usiku. Mwalimu mkuu amefunga chumba. Kipara alisimama mlangoni akitazama ubao wake uliolowa kama mtu aliyefiwa. Hatukucheza. Wasomaji wanauliza tumekwama wapi. Niwajibu nini? Tumekwama kwenye matope.

Ijumaa, 16 Machi

Shemeji amejitolea. Yeye hukodisha viti na maturubai ya sherehe, na nyuma ya duka lake kuna ghala kavu, lenye taa na umeme wa uhakika. "Njooni mcheze kwangu. Ninyi ni ndugu." Kipara amemshukuru karibu apige magoti. Fundi ndiyo kabisa: amepanga kibanda chake cha mafriji kwa shemeji huyohuyo, kwa hiyo kila neno lake kwake linaanza na "mkuu".

Na ni kweli ni mtu mwema, wala simsingizii. Ukimpigia simu uko hospitalini, atakuja. Mama yetu anampenda kuliko anavyotupenda sisi. Ndiyo maana inakera. Angekuwa mkorofi ningejua pa kushika.

Jumamosi, 17 Machi

Tumecheza ghalani, katikati ya milima ya viti vya plastiki vyeupe. Shemeji ameleta chai na maandazi, akavuta kiti akae "asikilize kidogo tu". Kila Mama Ngome alipotaka kuamua jambo, shemeji alikuwa na swali. "Kwa nini asifungue tu lango waongee kama watu wazima?" "Kwani huko nyuma ana chakula cha kutosha?" Kipara alikuwa anacheka na kumjibu. Dada alianza kuamua polepole, halafu kwa kunong'ona.

Nimeandika sehemu fupi. Popo: "Endelea." Ila safari hii ameongeza alama ya kuuliza.

Jumamosi, 24 Machi

Nimeandika hii bado nimevaa viatu.

Tulipofika, Kipara alikuwa na karatasi mpya ya mhusika. Shemeji anacheza! Kipara amemtengenezea Jemedari, aliyetumwa na mfalme kuja "kushauriana" na Mama Ngome. "Itanogesha hadithi," Kipara akaniambia pembeni. "Na mwenye ukumbi huwezi kumwacha akae kama mlinzi."

"Wasomaji wanampenda Mama Ngome," nikasema.

"Watampenda zaidi akipata wa kushindana naye."

Kushindana! Angalau wangeshindana.

Kipara akasimulia: jeshi limeonekana bondeni, ni jioni, askari wa ngome wana hofu, wanamtazama mkuu wao. "Mama Ngome, unawaambia nini?"

Dada akavuta pumzi. "Nawaambia wazime mioto ya..."

"Anachotaka kusema," shemeji akadakia, "ni kwamba askari walale, tutapigana asubuhi."

"Hapana, nilitaka wazime..."

"Ndiyo, wazime, walale. Jemedari anakubaliana naye."

Kipara akaandika. Aliandika! Nilimtazama Fundi, Fundi anatazama chai. Nilimtazama Nesi, Nesi ananitazama mimi. Tukaendelea. Mama Ngome akataka kutuma mtu kwenye pango la kaskazini. Jemedari akaona mtu huyo atumwe kusini. Mama Ngome akataka kuongea na mfungwa. Jemedari tayari alikuwa ameshaongea naye, "ili kumpunguzia mama mzigo". Yote kwa upole, kwa tabasamu, akimsogezea mkewe sahani ya maandazi. Hakupandisha sauti hata mara moja. Na kila mara Kipara na Fundi walicheka kidogo, kile kicheko cha kupitisha jambo.

Mwishoni Kipara akauliza, "Mama Ngome, kuna la mwisho kabla hatujafunga?"

Dada akatikisa kichwa.

Nilisema kwa sauti, "Hajasema chochote tangu saa ngapi, hamwoni?" Shemeji akanigeukia kwa mshangao wa kweli kabisa. "Shemeji, si tumecheza naye wote?"

Jumapili, 25 Machi

Nimekaa na sehemu hii siku nzima, mvua inapiga bati mpaka siyasikii mawazo yangu. Ningeweza kuirekebisha. Ningeweza kumpa Mama Ngome maneno yake, nani angejua? Sisi sita wa ghalani tu.

Nimekataa. Nimeandika ilivyokuwa. Kila alipokatwa, nimeandika alipokatwa, sentensi ikabaki na nukta zake zinaning'inia. Kila "anachotaka kusema ni" nimeiweka. Sikumwita Jemedari jina baya hata moja. Nimepakia, nimezima simu.

Jumanne, 27 Machi

Wasomaji wamepandwa na mori. "Mtoeni huyo Jemedari kabla sijamtoa mwenyewe." "Mama Ngome kawa kama mama yangu wageni wakija." Mwanamume mmoja kaandika maneno marefu kwamba amesoma akiwa na mkewe na mkewe akamtazama tu, wala hajui kwa nini. Sehemu hii imesomwa kuliko zote zilizotangulia zikijumlishwa. Ningefurahi, lakini nimeshindwa.

Jioni Kipara akapiga.

"Umetuvua nguo," akasema.

"Nimeandika mlichosema."

"Ungepunguza makali. Yule ametupa ukumbi, ametupa chai. Rekebisha kidogo, weka hata sentensi moja ya Mama Ngome pale katikati."

"Ipi? Niambie aliyoisema, nitaiweka."

Akasema hadithi si taarifa ya polisi, inaruhusu kunyooshwa. Nikamwambia yeye ndiye aliyekaa pale na kalamu akaandika neno la mtu mwingine kwenye karatasi ya dada yangu, sasa asije kunifundisha hadithi. Nilimkatia simu. Mwalimu wangu wa mchezo, mtu niliyemheshimu kuliko wajomba zangu, nimemkatia simu.

Alhamisi, 29 Machi

Mvua. Barabara ya dukani imekuwa mto. Simu ya Dada inapokelewa na shemeji.

Jumamosi, 31 Machi

Dada hakuja.

"Kichwa kinamsumbua," shemeji akasema akipanga vikombe. "Ila msiahirishe, wasomaji wanasubiri. Nitamchezea mimi."

Nilidhani anatania.

"Utakuwa na Jemedari na Mama Ngome wote wawili?" Kipara akauliza, na nilimwona akimeza mate.

"Kwani shida iko wapi? Nimeishi naye miaka yote hii. Namjua kuliko anavyojijua."

Fundi akasema, "Mkuu kasema kweli." Kipara akatazama taa, akatazama paa lisilovuja, akasema haya, kwa leo tu.

Basi Mama Ngome, kwa sauti ya shemeji aliyoibana ikawa nyembamba ili tucheke, akasema amechoka. Akasema wanawake hawakuumbiwa kukesha ukutani. Akamwita Jemedari, akamkabidhi funguo, akaamuru lango lifunguliwe. Fundi alicheka ile sauti. Nesi aliweka dadu zake kwenye mfuko wake mmoja mmoja, taratibu, kama anayehesabu dawa.

Nikasimama. Nikawaambia yote. Nikamwambia shemeji kwamba hajamchezea mtu, amemvaa. Nikamwambia Fundi ameufyata mkia mpaka umemfunga mdomo. Kipara nikamwambia sitaki hata kumtazama. Shemeji alikuwa anasema, "Shemeji, shemeji, ni mchezo tu," kwa ile sauti ya kumtuliza mtoto, na kadiri alivyonituliza ndivyo damu ilivyonichemka. Nikatoka kwenye mvua bila mwavuli. Nesi akanifuata. Tulitembea mpaka kituoni tumelowa chepechepe.

Jumapili, 1 Aprili

Sehemu ya leo ni fupi kuliko zote nilizowahi kupakia:

"Siku hiyo anayemcheza Mama Ngome hakuwapo. Walisema anaumwa kichwa. Mtu mwingine alimsemea. Lango liko wazi."

Jumanne, 3 Aprili

Dada amekuja dukani. Nilikuwa nakata lenzi, mashine inapiga kelele, nikainua kichwa yuko mbele ya kaunta, amelowa, mkoba umemning'inia kifuani. Nilikimbia kumkumbatia. Akanizuia kwa kiganja.

"Nani kasema nilikuwa naumwa kichwa?"

"Shemeji."

"Aliniambia hamchezi kwa sababu ya mvua." Akavuta pumzi. "Nimejua kwenye simu, mdogo wangu. Nimejua kwa kusoma. Nimekaa bafuni nasoma kwamba nimetoa funguo."

Kumbe husoma. Kila sehemu. Anafunga mlango wa bafu, anafungulia bomba, anasoma.

"Hata mimi nimekasirika!" nikasema. "Ungeniona pale ghalani, niliwatolea..."

"Sikukuona. Uliandika?"

"Hapana, hilo sikuandika."

"Ila ile ya kabla yake uliandika. Nikikatwa, nikikatwa, nikikatwa. Watu nisiowajua wanasema mimi ni kama mama zao wageni wakija. Unajua nilivyojisikia?"

"Nilitaka waone anavyokufanyia."

"Waliyemwona ni mimi! Yeye anaonekana Jemedari. Mimi naonekana bubu."

Mteja aliingia, akatuangalia, akatoka. Nikamwambia nimempigia simu mara ngapi hizi wiki, anapokea mumewe. Akasema nyumba yake haijahama, ina mlango, ningebisha. Ni kweli, na hilo likanizidishia hasira.

"Basi nikuambie nini? Niifute?"

"Ukiifuta ndiyo utakuwa umenisemea vizuri zaidi." Akafuta uso kwa ncha ya kitambaa chake. "Jumamosi nakuja. Na wewe usiseme neno. Akinikata, nyamaza. Wakicheka, nyamaza. Ukinitetea mbele yao, sitakusamehe."

"Dada..."

"Hata hiyo 'Dada' usiiseme."

Jumamosi, 7 Aprili

Mvua kubwa kuliko zote. Shemeji alikuwa ghalani kabla yetu, vikombe tayari, akasema mwenzake amebaki nyumbani. Kabla hajamaliza, pikipiki ikasimama nje na Dada akaingia na koti la plastiki la yule dereva. Shemeji akainuka, "Mama, na mvua hii..." Dada akampita, akakaa.

"Nani alinichezea?" akauliza.

Kipara akakohoa, akasema tunaweza kurudi nyuma, kuichukulia ile siku kama haikuwapo. Kwa mara ya kwanza aliona aibu waziwazi. Upara wake ulitoka jasho.

"Usirudi nyuma. Watu wameshasoma. Mama Ngome ameamka, amekuta lango wazi. Endelea hapo."

Kipara akasimulia, sauti inakwaruza. Jemedari yuko kwenye kiti cha mkuu. Funguo ziko mezani. Askari wamesimama pande zote hawajui wamtazame nani. "Unafanya nini?"

"Nazichukua funguo."

"Anachotaka kusema..." shemeji akaanza.

"Sijamaliza."

Ilitoka ndogo, karibu mvua iifunike. Shemeji akacheka, akatutazama kututafutia kicheko. "Mnamwona mama leo? Namsaidia tu, anataka kusema kwamba..."

"Sijamaliza," akarudia. Mikono yake ilikuwa chini ya meza. Mimi nilikuwa karibu naye, niliiona. Ilikuwa inatetemeka vibaya sana. Niliuma ulimi, kweli kabisa niliuuma, nikahisi chumvi.

Kipara akasema, bila kumtazama shemeji usoni, "Bwana, si zamu yako."

Kuchukua ngome mbele ya Jemedari ni jambo gumu. Dada akarusha dadu. Ikazunguka, ikagonga kikombe, ikalala kwenye namba mbili. Mbili! Katika ishirini. Nilitaka kuitupa nje hiyo dadu. Shemeji akapanua mikono kwa huruma. "Pole, mama. Dadu imesema."

"Dadu imesema siichukui ngome," Dada akajibu. "Haijasema nikae." Akamgeukia Kipara. "Mama Ngome anatoka kwa lango lilelile walilofungua. Hachukui kitu. Nani anakuja naye?"

"Mimi," Nesi akasema papo hapo.

"Mimi," nikasema, na hilo nadhani niliruhusiwa.

Tukamtazama Fundi. Alikuwa anazungusha kikombe. Jasho limemtoka na baridi ile. "Mhunzi... mhunzi anabaki," akasema. "Ana karakana humo ndani." Hakutuangalia. Nilimdharau, halafu nikakumbuka kibanda chake na watoto wake, nikaendelea kumdharau lakini kwa shida.

Shemeji akasimama. Tabasamu lilikuwa limeisha usoni, na bila tabasamu nilikuwa sijawahi kumwona. Akasema ghala linafungwa, kuna mzigo unaingia. Akazima taa tukiwa bado tumekaa. Tukakusanya karatasi gizani, tukasimama nje chini ya ukingo wa paa, mwalimu mzima na begi lake kichwani.

Jumapili, 8 Aprili

Nimemtumia Dada sehemu kabla ya kuipakia. Akapiga mwenyewe.

"Umeniandika kama simba."

"Ulikuwa simba."

"Nilikuwa natetemeka. Weka hapo. Na ile mbili uiache mbili."

Nimeweka. Popo safari hii hakuandika "Endelea". Ameandika: "Nimetoka naye."

Jumatano, 11 Aprili

Shemeji amekuja dukani, amevaa vizuri. Akauliza habari ya mama, habari ya mvua, akajaribu fremu mbili tatu. Kisha: "Nakuomba ufute zote."

Nikamwambia hapana.

"Vijana wangu wa kupakia viti wananiita Jemedari. Nikipita wanapiga saluti." Hakuwa anacheka. "Niulize, shemeji. Nimempiga lini dada yako? Nimemnyima nini?"

"Sikuandika kwamba umempiga."

"Mbona wananichukia kama nimempiga? Watu hawanijui!"

"Niliandika ulichosema. Isome."

"Nimesoma." Akairudisha fremu mahali pake, ikamshinda kusimama, akaiweka tena. "Nimesoma zote. Sikumbuki kusema hivyo vyote."

Nilimwamini. Hilo ndilo lililonitia hasira kuliko yote: hakuwa anadanganya. Nilimwambia duka linafungwa.

Jumamosi, 21 Aprili

Tumehamia dukani kwangu baada ya saa za kazi. Bosi karuhusu ilimradi tusiguse lenzi. Mama Ngome, mwizi na mchora ramani wamelala porini, hawana hata blanketi. Fundi hayupo. Kipara ameomba radhi. Dada alimwambia, "Sawa," basi.

Jumatano, 2 Mei

Dada hajaondoka kwa mumewe! Nilidhani ataondoka. Nilisafisha chumba, nilihamisha sanduku, nikanunua godoro. Leo nimemuuliza waziwazi.

"Kuondoka kwenda wapi?"

"Kwangu."

"Nani kakwambia naondoka? Juzi nilikuwa naongea mbele ya mama mkwe, mume wangu akanikata, nikamwambia sijamaliza. Akanyamaza. Alikaa amevimba mpaka chakula kikaisha, lakini alinyamaza. Nataka nione kesho itakuwaje."

"Na akirudia?"

"Nitarudia."

"Dada, wasomaji wote wanasema..."

"Wewe na wasomaji wako mnataka niondoke ili sehemu iwe tamu."

Nilitoka nikabamiza mlango. Mlango wangu mwenyewe, wa nyumba yangu, nikabaki nje kwenye manyunyu kama mwehu.

Jumamosi, 12 Mei

Mvua imepungua. Dada amemwambia Kipara anataka kuendesha yeye mchezo wiki ijayo, apumzishe Mama Ngome kidogo. Na anataka kuandika sehemu hiyo mwenyewe. Nimempa nywila. Sikumpa kwa moyo mweupe, lakini nimempa.

Jumamosi, 19 Mei

Jua. Dada alikaa kiti cha Kipara. Si msimulizi mzuri bado. Anasahau majina ya milima, anarudia maneno. Lakini anapokuuliza "Unafanya nini?" hukutazama na kusubiri, anasubiri mpaka unajisikia vibaya. Kipara alicheza mchunga punda na hakuwa na raha. Fundi alisimama mlangoni kidogo na sanduku lake la vifaa, Dada akamsogezea kiti, hakumuuliza chochote. Mchezo ulikuwa mzuri. Mimi nilichangamka sana, niliongoza mipango yote.

Jumatatu, 21 Mei

Sehemu ya Dada imetoka. Nimeisoma dukani nikiwa nimesimama.

Anaandika vizuri, hilo niliseme. Sentensi fupi, hazina mapambo. Lakini mchora ramani! Ukurasa mzima ni mimi. Mchunga punda anauliza njia, mchora ramani anajibu kabla swali halijaisha. Mwizi anasema, "Mimi naona tungepita..." na mchora ramani anasema, "Anachoona ni kwamba tupite mtoni." Fundi ameulizwa jina la mtu wake mpya, nimejibu mimi. Wasomaji wanachekaaa. "Huyu mchora ramani jamani, hapumui?"

Nikampigia palepale, uso unawaka. Akapokea mwenyewe.

"Umeniandika vibaya," nikasema. "Mimi siko hivyo. Nilikuwa nasaidia, Nesi alikuwa anasitasita, wakati unakwenda, mtu ilibidi aseme, na wewe mwenyewe ulikuwa unatafuta jina la ule mlima, kwa hiyo nikaona kwamba, yaani ulichokuwa unataka sisi tufanye ni..."

Nikanyamaza.

Upande wa pili Dada hakusema kitu. Alikuwa anasubiri. Nyuma yake nilimsikia shemeji akiuliza ni nani, na Dada akimjibu, "Naongea na simu." Kisha akaendelea kusubiri, bila haraka, na mimi nilikuwa bado nimekasirika, nimekasirika mpaka masikio yanavuma.

"Umemaliza?" akauliza.

"Ndiyo."

"Haya," akasema. "Sasa mimi."